INJINI HAIKUFA, VALVU INAVUJA



Neno hili "imekufa" limekwisha kutugharimu mali nyingi, na sasa twataka lichunguzwe. Mtu akifa hutazamwa na mganga kabla hajazikwa. Lakini mashine ya umma, mashine iliyonunuliwa kwa michango ya kina mama na wakulima, hutangazwa maiti kwa neno la mtu mmoja mwenye spana mkononi, na siku ya pili yake mnunuzi amekwisha fika na gari. Nani alimwita? Nani alimpa habari? Na mbona maiti hiyo, ikisha kuhamia barazani kwake, hufufuka?

Hapa Mkange, na katika nchi yote ile itokayo Mandera na Miono kuteremkia Saadani pwani, mtu akisema "mashine" hana haja ya kuongeza neno. Ni mashine ya kusaga. Nguzo za umeme zimeingia vijiji vingi tangu Wakala wa Nishati Vijijini uundwe kwa sheria ya mwaka 2005, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini dizeli haijatuaga. Injini ya silinda moja, iwe ya muundo wa Lister wa kule Dursley, Uingereza, iwe ndugu yake wa Rajkot, India, au ile ya Kichina yenye tangi la maji mgongoni, ingali inazungusha vinu na kuvuta maji ya bustani. Ikisimama, mzigo haumwangukii mwenyekiti wala mtunza hazina. Humwangukia mama mwenye debe la mahindi, ambaye atalibeba mpaka kijiji cha pili, au atamlipa kijana wa pikipiki nauli ambayo hakuipangia.

Mambo huwa hivi. Mashine huanza kwa ugumu wa kuwaka asubuhi. Vijana wawili huzungusha hendeli mpaka jasho liwatoke, moshi mweupe hutoka, injini hukohoa, haishiki. Ikishika haina nguvu, na ukitia mahindi mengi hulemewa. Huitwa fundi. Fundi hufungua hedi, huitazama kwa uso wa huzuni, hupaka gundi, huweka gasketi mbili juu ya nyingine, hufunga, hupokea fedha, huondoka. Baada ya wiki mbili yale yale. Huitwa tena, na safari hii husema: imekufa. Kamati hukutana usiku. Hapo ndipo hutokea yule bwana mwema mwenye kutaka "kuwasaidia kuondoa uchafu huu", kwa bei ya chuma chakavu, kwa kilo. Wanachama hupiga kura wakiwa wamechoka. Mwezi haujaisha, injini ile ile yanguruma kwake, na mama yule yule aliyeichangia sasa ailipia kusaga kwa bei apendayo bwana huyo.

Alifanya nini bwana huyo? Mara nyingi alinunua kikopo kimoja cha dawa ya kusagia valvu, akakaa chini siku mbili.

Huu ndio unyonyaji wa siku hizi. Hauna bendera wala gavana, una spana na mizani ya chuma chakavu. Twasema wazi kwamba mtu aliyejua kuwa injini inavuja valvu tu, akawaacha wenye mali waiuze kama maiti, amekula jasho la watu sawasawa na kabaila yeyote. Na kamati iliyouza bila kupima, hata kama haikupokea senti ya pembeni, imeutapanya ushirika.

Sasa wako watakaocheka na kuuliza: tangu lini gazeti la Chama likafundisha umakenika? Twawajibu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaka njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa wakulima na wafanyakazi. Basi njia ya uchumi ikiwa mikononi mwako, na hujui hata kuuliza kwa nini haiwaki, iko mikononi mwa nani? Ni ya yule ajuaye. Wewe umebaki na hati ya mali na mzigo wa kichwani.

Kwa hiyo tueleze, na asiyependa kusoma mambo ya vyuma ajilazimishe, maana mali ni yake.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni hupanda na kuikandamiza hewa mpaka nafasi yake iwe ndogo mara 15, mara 18, hata mara 20 na zaidi, kwa kadiri ya injini. Hewa iliyokandamizwa hivyo hupata moto wa kupita digrii 500, na dizeli ikipulizwa ndani yake huwaka yenyewe. Siri yote ni hiyo. Juu ya silinda imekaa hedi, na ndani ya hedi mna valvu mbili, moja ya kuingiza hewa na moja ya kutoa moshi. Kila valvu hukalia siti yake kama kifuniko juu ya chungu. Ikiwa kifuniko hakikai, hewa hutoroka wakati wa kukandamizwa, haipati moto wa kutosha, na dizeli haiwaki. Chuma chote kizima, bloku nzima, kikorombwe kizima, na mashine imesimama kwa sababu ya ukingo wa chuma ambao upana wake ni kama milimita moja na nusu!

Valvu ya moshi ndiyo iumiayo zaidi. Yapigwa na moto kila mara, na njia yake kubwa ya kupoa ni kulala juu ya siti na kuiachia joto. Ikianza kuvuja kidogo, moto hupenya pale pale penye mwanya, huuchoma ukingo, na mwanya huzidi. Ndiyo maana mashine inayosumbua asubuhi tu haifai kungojewa mpaka ikatae kabisa. Na kwetu huku sababu hazihitaji kutafutwa mbali. Vumbi la unga na la barabara, na chujio la hewa lisilooshwa. Maji ya visima vya upande wa pwani yenye chumvi, yanayotiwa katika tangi la injini mpaka njia za maji ndani ya hedi zikaota magamba kama birika kuukuu. Tangi lililoachwa likauke kwa kuwa foleni ya wasagaji ni ndefu na mwendeshaji hataki kusimamisha. Nafasi ya tapeti ambayo haikupimwa tangu injini ilipotoka dukani. Hapa twamlaumu mwendeshaji, lakini twailaumu zaidi kamati iliyomweka kazini bila kumpa fila ya kupimia wala siku moja ya mafunzo.

Je, hedi iliyoharibika hivyo hufufuliwaje? Kwanza ifunguliwe injini ikiwa imepoa, bolti zilegezwe kidogo kidogo kuanzia za nje kwenda za ndani, maana hedi yenye joto ikifunguliwa kwa pupa hupinda. Ioshwe mpaka masizi yote yatoke. Kisha itazamwe ufa, hasa kati ya siti mbili na kati ya siti na tundu la nozeli. Ufa mdogo hauonekani kwa macho, lakini upo ujanja wa zamani usio na gharama: ipake mafuta ya taa, ngoja yapenye, futa pakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki. Kama pana ufa, mafuta yatarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Mwenye macho haambiwi tazama.

Halafu rula ya chuma iliyonyooka huwekwa juu ya uso wa hedi, kwa urefu, kwa upana, na kwa pembe hadi pembe, na fila hujaribiwa chini yake. Fila ya sehemu moja ya kumi ya milimita ikipita, kwa injini ndogo nyingi hapo pana neno, na mwamuzi wa mwisho ni kitabu cha injini yenyewe. Hedi iliyopinda dawa yake ni kupelekwa kwenye mashine ya kuchonga. Gasketi mbili si dawa. Huongeza nafasi ya hewa na kupunguza mkandamizo, yaani huleta ugonjwa ule ule kwa mlango mwingine, na gundi nayo huungua. Na mchongaji naye achunge, kwani ukichonga kupita kiasi valvu na pistoni zitakutana.

Baada ya hapo huangaliwa gaidi. Msiogope jina, ndivyo mafundi waitavyo ile bomba fupi inayouongoza mti wa valvu, na gaidi huyu hashiki bunduki. Ukiivuta valvu nje kidogo na kuitikisa, ikicheza mno ubavuni, gaidi limekwisha. Hapo kusaga valvu ni kupoteza muda, maana kila ikishuka itaangukia mahali pengine. Gaidi jipya kwanza, siti baadaye.

Kusaga valvu kwenyewe ni kazi ya subira. Dawa nene kwanza, dawa laini baadaye, kijiti chenye kikombe cha mpira katikati ya viganja, kuzungusha mbele na nyuma, kuinua, kugeuza robo, kuanza tena. Kazi ikiisha, juu ya valvu na juu ya siti pawe na pete ya rangi ya kijivu, isiyokatika, yenye upana sawa pande zote. Atakaye kuhakikisha achore mistari ya penseli kuikata siti, aiweke valvu, aigeuze robo mzunguko, aitoe. Mstari uliobaki mzima ni mahali ambapo valvu haigusi. Kisha dawa yote ioshwe, yote kabisa, kwani ni mchanga ule, na mchanga uliobaki utaendelea kusaga gaidi na silinda baada ya fundi kwenda zake. Na izingatiwe pia kwamba valvu iliyosagwa miaka na miaka huzama ndani ya hedi, na ikizama mno mkandamizo hupungua hata kama haivuji. Hapo siti hubadilishwa.

Haya, ndugu zangu, ndiyo tutakayo ninyi wenye mali mshuhudie. Valvu na springi zimekwisha rudishwa mahali pake. Hedi ilazwe ubavu, tundu la kuingizia hewa likitazama juu, na mafuta ya taa yamiminwe humo mpaka yajae. Sasa tazameni uso wa valvu kwa tochi, si kwa kibatari wala sigara. Ngojeni dakika kumi. Kisha geuzeni, fanyeni hivyo hivyo kwa tundu la moshi. Ukingo wa valvu ukibaki mkavu, kazi ni njema. Ukiloa na kudondosha, kazi haijaisha, hata fundi awe amesoma wapi. Jaribio hili halihitaji cheti. Bibi kizee asiyejua kusoma aweza kuona kama chuma kimeloa au ni kikavu.

Ndiyo maana baadhi ya mafundi hawalipendi. Si wote, la hasha! Wako mafundi wa haki katika nchi hii ambao wao wenyewe humwita mteja aje aone. Lakini wako wengine ambao huifanya kazi kuwa uganga, hufunga mlango wa karakana, hufukuza watoto, husema "siri ya kazi". Siri ya namna hiyo ni ukuta waliojengewa wajinga ili waendelee kulipa. Mkoloni naye alikuwa na siri za kazi. Alitufanya tubebe mizigo na tuoshe magari, lakini kitabu cha injini alikiweka kabatini kwake.

Yako pia masoko ya hedi za mtumba. Hedi zilizokwisha tumika huja kutoka nchi za nje na kutoka magari yaliyovunjwa humu humu, na huuzwa Dar es Salaam zikiwa zimepakwa rangi ya fedha zing'ae kama sahani ya harusi. Hatusemi zisinunuliwe. Hedi iliyotumika na kutengenezwa vizuri yaweza kufanya kazi miaka mingi, na twaitetea. Twasema rangi si kipimo. Chini ya rangi mwaweza kuwa na ufa uliojazwa gundi ya chuma. Mnunuzi wa kijiji aende na rula, fila, chaki na chupa ya mafuta ya taa, apime pale pale dukani mbele ya mwuzaji. Mwuzaji mwaminifu atamsogezea meza. Asiyetaka chupa ifunguliwe amekwisha jibu.

Kijana wa pikipiki naye asidhani haya hayamhusu. Hedi yake ya alumini ina valvu mbili vile vile na husagwa vile vile, lakini ngapi zimetupwa kwa kuvuja kidogo, zikayeyushwa kuwa sufuria! Wavuvi wa Saadani wenye injini za boti za mipigo miwili wawe na raha, kwani nyingi hazina valvu za namna hii hata moja. Maradhi yao ni mengine.

Wasemao kwamba Mwafrika hawezi kazi za namna hii tusingewajibu, kama wasingekuwa wengine wao ni wenzetu. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, na spea zikawa adimu kama sabuni na sukari. Hapakuwa na mahali pa kwenda kununua hedi mpya. Mafundi wa nchi hii walisaga valvu, walichonga gaidi kwenye leti zao, na malori yalitembea. Katika mkoa wetu huu huu wa Pwani, pale Kibaha, kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania miaka ya 1980, na kituo cha Nyumbu cha jeshi letu kilibuni na kuunda lori lenye jina hilo. SIDO ipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. VETA ipo tangu 1994 kwa ajili ya ufundi. Ni nani basi aliyetuambia kwamba kusaga valvu mbili ni elimu ya Ulaya?

Na tukumbuke yaliyofuata miaka ya 1990, mali za mashirika ya umma zilipouzwa. Baadhi ya walionunua viwanda waling'oa mashine wakaziuza chuma chakavu, majengo yakabaki maghala, hata Serikali ya Awamu ya Tano ikalazimika kuvirudisha baadhi yake. Mashine ngapi kati ya zile zilikuwa maiti kweli? Hakuna aliyezipima mbele ya wafanyakazi. Kisa cha kiwanda na kisa cha kinu cha kijiji ni kimoja. Tofauti ni ukubwa wa lori lililokuja kubeba.

Hatutaki kudanganya mtu. Ziko hedi zisizofaa tena. Ufa uliopita kati ya siti mbili mpaka kwenye njia ya maji, katika chuma cha kalibu, mara nyingi haulipi gharama ya kuutengeneza, na fundi akisema "hii haifai" huenda asema kweli. Aseme, lakini aonyeshe mstari kwenye chaki. Na hata hedi ikifa, injini haikufa. Hedi hununuliwa peke yake.

Basi twataka nini? Twataka kamati ya mashine ya kila kijiji isimlipe fundi malipo ya mwisho kabla ya jaribio la mafuta ya taa kufanywa mchana, mbele ya wanachama wasiopungua watano, na wawili wao wawe wanawake, kwa kuwa hao ndio wabeba debe. Twataka liwepo daftari la injini, lenye tarehe ya kufunguliwa, kilichokutwa, kilichobadilishwa, na jina la aliyefanya. Injini ya umma isiuzwe bila fundi wa pili, asiyejuana na wa kwanza, kuipima na kuandika. Kila kijiji kichague vijana wawili, mmoja wa kike, wapelekwe VETA au kwa fundi mwaminifu, na ada yao itoke katika mapato ya kusaga. Rula, fila na kijiti cha kusagia vinunuliwe viwe mali ya kijiji, vikae kwa mtunza hazina, visiazimwe kwa maneno matupu.

Viongozi wetu nao, wanaokuja kukata utepe mashine mpya inapofungwa, twawaomba waje tena baada ya mwaka, siku isiyo ya sherehe, na waulize daftari hilo. Wasiletewe ngoma. Waletewe mwendeshaji, aeleze alipima tapeti lini.

Mkutano ujao wa tawi, kabla ya mengineyo, mtunza hazina aulizwe iko wapi ile hedi iliyofunguliwa mara ya mwisho. Kama iko stoo, iletwe uwanjani ilazwe ubavu, na mtu mmoja aende dukani kununua lita moja ya mafuta ya taa.